Rasimu zenu nimezisoma: kwa wanaoanza kuandika maisha ya wachoraji

Vijana wangu, rasimu nimezisoma zote: za Ntiro, za Tingatinga, na za wachoraji wetu wa huku kandokando ya ziwa. Mmefanya kazi, naiona, na baadhi ya kurasa zimenifurahisha mpaka nikamsomea mtu wa nyumbani. Lakini makosa ni yale yale ya waliowatangulia. Siwezi kunyamaza nikiona mswada wa maisha ya mchoraji umefika ukurasa wa kumi na mwenyewe bado hajashika brashi.

1. Picha kwanza, cheo baadaye.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, na uhuru ulipopatikana akarudi London kuwa balozi wa Tanganyika. Baadaye alisimamia utamaduni serikalini, akafundisha, akafariki 1993. Hayo mmeyapanga vizuri, kama barua ya kuombea kazi. Sasa niambieni alichora nini.

Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York linayo picha yake ya 1956: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Wengine hamkuitaja kabisa. Mwingine kaitaja kwa sababu tu iko New York. Jina la picha lenyewe ni kazi ya wiki nzima! Kwa nini usiku? Pombe kapika nani? Bibi harusi bado yuko kwao? Nendeni mkawaulize wazee wa Machame.

Halafu liko swali zito zaidi. Mtu aliyeishi Kampala na London, na bado akaendelea kuchora maisha ya kijijini na kazi za ujima, alikuwa anakumbuka, anatetea, au kuna kitu alikuwa anakikataa? Msikimbilie kumjibia. Suti ya ubalozi ni yake na jembe lililo kwenye picha ni lake. Viacheni vigongane hapo hapo kwenye ukurasa, msivipatanishe ili sura ipendeze.

2. Tingatinga asianze kwa kufa.

Kila rasimu inafunguka kwa risasi ya polisi, Dar es Salaam, 1972. Ni msiba, na uandikwe mahali pake kwa heshima yake. Lakini Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, Tunduru, alianza kuchora kwenye 1968 hivi, na miaka hiyo michache ndiyo kitabu chenu. Alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya makopo, ile ya kung'aa ambayo fundi anapaka baiskeli. Shikeni kopo la rangi hiyo wenyewe, mpake kwenye ubao, muone inavyotiririka na inavyokauka. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini mnyama wake ana umbo lile na kwa nini nyuma yake pametulia. Kisha andikeni kuhusu ndugu na vijana aliowafundisha, maana bila wao jina lake lisingekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

3. Aliyetajwa kwa sentensi moja, mfuateni.

Hapa nitasema langu, na bado linaniuma.

Niliandika maisha ya mchoraji mmoja wa hapa Mwanza, marehemu. Alianza kwa kuandika majina ya mitumbwi na mabango ya maduka, akaishia kuchora picha ambazo watu hawakujua waziweke fungu gani. Nilipokewa na mke aliyekuwa naye mpaka mwisho. Alinikarimu, akanipa barua, picha, hata risiti za rangi. Mke wa kwanza alinitajia kwa sentensi moja: waliachana, akarudi kwao Ukerewe. Nami nikaandika sentensi ile ile. Meli ya Nansio inaondoka hapa hapa mjini. Sikuipanda.

Kitabu kilipotoka, mjukuu alimsomea yule mke wa kwanza, sasa bibi, naye akanitumia salamu niende. Nilimkuta anaanika dagaa. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, miaka yote ile mimi nilikuwa wapi?"

Kisha akamwambia mjukuu alete kifuniko cha pipa la maji. Kilikuwa ubao uliochorwa, upande wa rangi umeangalia chini. Unyevu ulikuwa umeibandua bluu vipande vipande, na pembeni kulikuwa na alama ya mviringo wa mdomo wa pipa. Lakini mitumbwi ilionekana, na ndani yake watu wasio na nyuso. Ni wale wale ambao mimi niliandika kwamba aliwaanza uzeeni, baada ya kuugua, na sura nzima ya kitabu nikaijenga juu ya ugonjwa ule. Ubao huu aliuchora ujanani, yule bibi akiuza dagaa ili rangi ipatikane. Nyuso ziliachwa kwa ombi lake yeye. Ziwa lilikuwa limemchukulia ndugu zake, na hakutaka wamtazame kutoka ukutani.

Nimemwomba radhi, na sura ile nimeiandika upya. Nakala za kwanza bado ziko mikononi mwa watu, na ule ugonjwa bado unanukuliwa.

Ndiyo maana nikikuta "mkewe Sarah" na nukta katika rasimu ya Ntiro, subira inaniisha. Sarah Nyendwoha alihitimu historia Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Alipopangiwa mshahara wa ualimu ulio chini ya ule wa wanaume, aliukataa, akafundisha bila malipo. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Mchoraji aliyekaa meza moja na mtu wa namna hiyo alisikia nini kila jioni? Hakuna aliyeuliza.

4. Mengine ya haraka.

Omba ruhusa uigeuze picha. Nyuma kuna tarehe, bei, wakati mwingine jina la mtu mwingine kabisa.

Mzee akisimulia Kisukuma, nakili Kisukuma kwanza.

Mwenye picha ukutani si lazima awe mwenye hakimiliki. Tafuta familia kabla ya kuchapa.

Na usiniandikie tena kwamba fulani ni "wa kwanza kuchora Usukumani". Bayeye, wale wa chama cha wacheza na nyoka, walikuwa wanachora kuta za nyumba zao za kuwaingizia wanachama wapya zamani sana. Panda daladala ya Kisesa, uingie makumbusho ya Bujora, ukae humo asubuhi nzima, ndipo uniletee hiyo aya.