Jibu: Mpiga saksafoni anayetafuta wenzake Kisumu

Dada, karibu Kisumu. Umeuliza kama huku kuna watu wa jazz ile ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, maana kila bendi unayotajiwa inaitwa Jazz, ukienda unakuta benga, muziki wa dansi wa gitaa wa huku kwetu. Ni kweli. Jina hilo lilizoeleka kwa bendi za dansi, kama kule Kinshasa kwa O.K. Jazz iliyoanza 1956. Shirati Jazz ya D.O. Misiani na Victoria Jazz ni benga tupu.

Lakini nakusihi usizipite! Sikiliza gitaa la solo linavyojibizana na mwimbaji, kisha wimbo unachangamka, sauti zinanyamaza na gitaa linaachiwa uwanja. Hapo ndipo pa saksafoni yako, na marafiki utawapata hapo hapo.

Jiandae tu kwa jambo moja: wapiga gitaa wengi wanapenda kupiga nyimbo kwenye ufunguo (key) wa E na wa A. Kwa saksafoni yako ya tenor, ambayo noti zake hutajwa toni moja juu ya za gitaa, E yao ni F-shapu, A yao ni B. F-shapu ina shapu sita (noti zilizopandishwa nusu toni), vidole vinakwama haraka, kwa hiyo ifanyie mazoezi polepole nyumbani kabla hujaomba kupanda jukwaani.

Wapulizaji wenzako watafute kwenye bendi za Jeshi la Wokovu, hasa upande wa Vihiga na Kakamega. Anza nao na blues ya baa 12 (vipimo 12 vya mapigo vinavyojirudia), kodi (chords) tatu tu, kila mtu apate zamu yake ya kubuni.

Mimi napiga besi, nakaa Kondele, hapa hapa Kisumu. Ampi ninayo. Niandikie inbox tupange Jumamosi.