Uliza Fundi: Laptop moja ya chuo na gemu, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa pili chuo hapa Dodoma, nimejichanga nina milioni 1.5 nataka laptop moja tu ya kusomea na kuchezea FC 25 na GTA V. Duka moja Kariakoo wamenitumia picha ya EliteBook 840 G3, Core i7, RAM 16, wanasema ina graphics GB 8. Nitume hela?
*Mwanachuo, Dodoma*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usitume. Mashine yenyewe sio mbaya, kwa kuandika ripoti na kusoma PDF ingekufaa vizuri tu, ila kwa gemu ulizotaja haikufai na hiyo graphics GB 8 haipo. Iko hivi, ndani ya Windows ukifungua Task Manager ukaenda Performance ukabonyeza GPU unaona kuna "Dedicated GPU memory" na "Shared GPU memory", ya kwanza ndo memori ya kadi ya picha (hiyo graphics) yenyewe, ya pili ni RAM yako ambayo Windows inairuhusu kadi iazime, na kawaida inaruhusu nusu, kwa hiyo ukiwa na RAM 16 lazima usome 8. Kwenye G3 hiyo kadi ni Intel HD 520 iliyo ndani ya prosesa, wakati EA wenyewe, wanaoitengeneza FC 25, wanataka kuanzia kadi ya GTX 1050 Ti. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ukurasa huo huo, kama hiyo ya "Dedicated" haipo basi kadi ya gemu hamna hata akuapie.

Halafu i7 peke yake haikwambii kitu, uliza ni kizazi cha ngapi. G3 ni kizazi cha 6, kwa mfano i7-6600U ina koa (viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 2 tu, lakini i5-12450H ya juzi juzi ina koa 8, yani i5 inaiacha mbali sana. Na Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha 8, wakati Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, sasa unanunua mashine ya kumalizia chuo halafu haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, hapana.

Kwa hela yako mpya ni ngumu, tafuta used yenye kadi ya GTX 1650 au RTX 3050, prosesa Ryzen 5 au i5 ya kizazi cha 10 kupanda juu. Kadi hizo nyingi zina memori ya GB 4, zinatosha kabisa kwa FC na GTA V, ila gemu mpya nzito utashusha ubora wa picha, nakwambia mapema. RAM iwe 16, na ukikuta ina 8 usiikimbie, uliza kama kuna sloti ya pili, maana RAM mbili za 8 zinaipa prosesa nafasi ya kupumua kuliko moja. SSD, yani diski ya kuhifadhia, isipungue GB 512 kwa sababu FC peke yake inataka GB 100 na GTA V inapita 100 (hapo bado hujafikiria bando la kuzishusha, tafuta WiFi mapema).

Kitu kingine wengi hawakiangalii ni wati. RTX 3050 ya laptop inaweza kuwekwa kuanzia wati 35 mpaka 80, jina ni lile lile nguvu tofauti kabisa. Angalia chaja, laptop ya gemu inakuja na chaja ya wati 135, 180 au zaidi, nzito kama tofali, ukipewa ya wati 65 ujue sio yake na gemu itakwama kwama.

Usilipe kwa picha. Kama una ndugu Dar mtume dukani, afungue Command Prompt aandike `powercfg /batteryreport`, ripoti ikitoka alinganishe "Design Capacity" na "Full Charge Capacity", betri iliyotoka 50,000 ikabaki 22,000 hiyo darasani haimalizi vipindi viwili, hapo punguza bei au ondoka. Halafu awashe gemu yoyote nzito dakika 20, sio 2, maana joto ndo linaumbua laptop used, inaanza vizuri inapopata moto inajipunguza spidi yenyewe. Muuzaji akikataa hilo jaribio ahame duka, Kariakoo maduka ni mengi.

Swali: Mwanangu wa kidato cha pili anataka laptop ya gemu, anasema lazima RTX 4060. Naogopa luku na naogopa ataacha kusoma.
*Mama wawili, Tanga*

Jibu: Mama, kwanza muulize anacheza nini. Kama ni Minecraft na Roblox hahitaji 4060 hata kidogo, laptop ya prosesa Ryzen yenye kadi ya Radeon 680M au 780M ndani ya prosesa hiyo inatosha, ni nyepesi na inakaa na chaji. Luku usiiogope sana, laptop ya gemu ikiwa kazini inakula kama wati 150, masaa matatu haifiki hata nusu uniti, na akifanya homework inakula pungufu ya hapo. Ila umeme ukikatika gemu inashuka spidi maana betri haiwezi kutoa nguvu zote, hilo mwambie asije akadhani imeharibika. Kuhusu kusoma, Microsoft wana Family Safety, ni bure, unamfungulia akaunti yake unapanga masaa ya gemu kwa siku ukiwa na simu yako mkononi. Mpange pamoja mkiwa mmekaa, akikuta umemfungia kimya kimya atatafuta njia ya kuizunguka.

Swali: Laptop yangu ya gemu ina mwaka na nusu, siku hizi inapiga kelele kama inataka kuruka, ikifika nusu saa inazima. Nachezea kitandani.
*Msomaji, Kigamboni*

Jibu: Kitandani ndo tatizo la kwanza, godoro linaziba matundu ya chini ambako feni inavutia hewa. Hamia mezani, inua nyuma kidogo hata kwa kitabu. La pili ni vumbi, peleka kwa fundi afungue apulize feni na abadilishe pasta ya joto juu ya prosesa na kadi, mbele yako. Na kwenye gemu funga fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye 60, kama skrini ni ya 144 kadi inahangaika bure kutafuta fremu ambazo kwenye FC hata huzihitaji. Ikiendelea kuzima baada ya hapo usiendelee kuilazimisha, mrudishie fundi aangalie kama feni zote mbili zinazunguka.