Spana ya Jackie Stewart na matairi ya gari langu la zamani

Mwaka 1966, kwenye mbio za magari za Formula 1 za Spa nchini Ubelgiji, mvua kubwa iliwakuta madereva wakiwa bado kwenye mzunguko wa kwanza. Gari la dereva Jackie Stewart liliacha barabara, likapondeka na kumbana ndani huku petroli ikimlowanisha mwili mzima. Hakuna mwokoaji aliyefika na zana. Waliomnasua ni madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, tena kwa spana ya kuazima kwa mtazamaji, maana usukani haukufunguka bila spana. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 25. Tangu hapo Stewart akawa anabandika spana yake mwenyewe ndani ya gari kabla ya mbio.

Nimezipenda mbio za magari tangu utotoni, na kati ya yote niliyoyaona na kuyasoma, hiyo spana ndiyo imenikaa moyoni. Stewart, bingwa wa dunia wa mara 3, alikuwa na kasi kuliko karibu wote wa enzi zake, lakini kabla ya kuwasha injini alishajiuliza: mambo yakiharibika, nitatokaje? Vijana wengi wakitoka kutazama mbio wanatamani kukanyaga mafuta. Natamani wangetamani kukagua gari.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe sikukagua. Nilinunua sedani ya mwaka 1968, rangi safi, bampa za kromu zinazong'aa mpaka unajiona. Matairi yalikuwa na kashata (meno ya mpira yanayoshika barabara) nzito kama mapya, nikaridhika. Siku moja, nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, la nyuma kulia likapasuka. Gari likaanza kutupa mkia. Sikugusa breki; niliachia mafuta taratibu, nikashika usukani kwa mikono miwili, likapungua kasi lenyewe hadi pembeni. Ningekanyaga breki kwa hofu, lingezunguka.

Nilipochuchumaa na kufuta vumbi ubavuni mwa tairi nikaona namba nne: 1403. Maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2003. Lilikuwa na umri wa miaka 16! Ukilitazama kwa karibu, ubavu mzima ulikuwa na nyufa nyembamba kama udongo wa kinamo uliokauka. Mpira huzeeka hata gari likikaa tu chini ya turubai, na magari ya kale hukaa sana. Ndiyo maana kashata hudanganya. Tairi likifika miaka 6 likaguliwe na fundi kila mwaka; likifika 10, litoe, hata kama linaonekana jipya.

Breki nazo zina siri yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri maji yanavyozidi ndani yake ndivyo yanavyochemka mapema. Kwenye mteremko mrefu, breki za ngoma za gari la zamani hupata moto mkali, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba ya breki, na mguu unazama hadi sakafuni bila kitu kushika. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2, na teremka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda. Mwaka 1953 Jaguar walishinda mbio za saa 24 za Le Mans wakiwa na breki za diski, kwa sababu ziliwaruhusu kuchelewa kufunga breki kuliko wapinzani. Leo, gari lililo mbele yako lina faida hiyo hiyo, nawe huna. Kwenye kilomita 100 kwa saa unapita karibu mita 28 kila sekunde, kabla hata mguu haujafika kwenye breki. Acha nafasi.

Kuna wapenzi wa magari ya kale wanaosema kuyawekea mikanda ya usalama kunaharibu uhalisia, na kwamba chuma cha zamani kilikuwa kizito, kinatosha. Hapa sikubaliani nao kabisa. Mwaka 2009 Wamarekani waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Sehemu anapokaa dereva wa Bel Air ilikunjika. Ya Malibu ilibaki wima. Mkanda wa pointi tatu umekuwepo tangu 1959, kazi ya Nils Bohlin wa Volvo. Uweke, ila fundi aimarishe kwanza bati la sakafu, kwani mkanda uliofungiwa kwenye bati lililoliwa na kutu utang'oka nalo.

Hata madereva wa mbio hubadili mawazo. Romain Grosjean aliwahi kuipinga halo, ule upinde unaolinda kichwa. Mwaka 2020, Bahrain, gari lake lilipasua kizuizi, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Alitoka kwa miguu yake baada ya sekunde 27, akaisifu halo akiwa bado kitandani hospitalini.

Kushindana barabarani hakuna mjadala: usifanye. Kama unataka kujua uwezo wa gari lako, lipeleke kwenye uwanja wa mbio, uvae kofia ngumu, uwakute watu wa zimamoto wakiwa tayari.

Na ukisoma namba za matairi yako, fungua buti usome na la akiba. Langu lilikuwa kuukuu kuliko yote manne.