Kiwanja cha mlimani Lushoto

Swali: Shikamoo Bibi. Nimeweka fedha za karafuu za misimu miwili, nataka kiwanja Lushoto, milima ya Usambara. Muuzaji ana karatasi ya mkono tu. Nilipe? (Msomaji, Wete)

Jibu: Marahaba mwanangu. Usilipe! Ardhi ya Bara ni ya umma. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria namba 5 ya 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji. Anzia kwa mtendaji, si kwa dalali. Nenda Aprili, masika yamekolea, uone maji yanapita wapi mteremkoni. Mimi nilikaa kule miaka mitatu: Julai, sisi watu wa pwani tunalala na mablanketi mawili. Lakini ule ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya kabichi, naukumbuka mpaka leo.