Duka dogo linaweza kuisaidia jamii yake? Jibu la mwenye duka wa miaka 14

Mkuu, umeuliza kama duka la mtu mmoja, lisilo na tawi wala mfadhili, linaweza kuisaidia jamii inayolizunguka, au tuwaachie makampuni makubwa yenye mafungu ya misaada. Nauza vifaa vya ujenzi mwaka wa 14 sasa. Swali lako lilinitesa sana nilipoanza, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Nilianza vibaya. Kila aliyekuja na barua ya kuomba mchango nilimpa, maana niliona aibu kukataa mbele ya wateja. Mwaka wa pili hela ya kuagizia mzigo ikawa haitoshi, rafu zikaanza kuonyesha ukuta, mafundi wangu wakahamia kwingine. Kilichoniuma zaidi ni kikundi kimoja kilichoomba rangi ya kupaka madarasa. Nilitoa makopo yaliyojaa, sikufuatilia. Wiki chache baadaye nikayaona yanauzwa duka jingine, alama yangu ya kalamu ikiwa bado kwenye kifuniko.

Baada ya hapo nilifanya mambo mawili. Kwanza, nikatenga fungu la kila mwezi kutoka kwenye faida. Faida, mkuu, siyo mauzo! Wengi wanakata kwenye mauzo na kumbe wanakula mtaji. Fungu likiisha namwambia mtu wazi kuwa la mwezi huu limekwisha, aje mwezi ujao, na hakuna aliyewahi kunichukia kwa hilo. Pili, anayeomba hela ya rangi nampa rangi, na siku ya kupaka nafika mwenyewe. Kwangu kopo limeingia kwa bei ya jumla, kwake lina thamani ya bei ya rejareja. Kwa gharama ileile anapata zaidi kuliko ningempa taslimu.

Lakini msaada mkubwa kuliko wote haukutoka kwenye fungu. Siku moja nilijiuliza: dukani kwangu kuna nini ambacho jirani hana? Nikaona toroli, mabeleshi, ngazi ndefu. Vitu ambavyo mtu anavihitaji siku moja kwa mwaka, na kuvinunua hawezi. Nikatenga toroli mbili, mabeleshi sita na ngazi moja viwe vya kuazima bure. Unaandika jina na tarehe kwenye daftari, basi. Kabla ya mvua vijana wanavichukua kuzibua mitaro. Toroli moja ilirudi imeoshwa, ekseli imepakwa grisi, na mpini uliopasuka umefungwa waya kwa ustadi kabisa. Sikuwa nimewaomba. Miaka yote hiyo yamepotea mabeleshi mawili tu.

Halafu kuna kile tunachokitoa bila kukiita msaada: unamlipa nani. Mwaka 2004 kampuni ya utafiti wa uchumi, Civic Economics, ilichunguza biashara za mtaa wa Andersonville, mjini Chicago, Marekani. Ilikuta kwamba katika kila dola 100 zilizotumika kwenye biashara za wenyeji, 68 zilibaki kwenye uchumi wa mji, wakati kwenye maduka ya makampuni makubwa yenye matawi zilibaki 43. Sababu si miujiza: wenyeji hulipa mishahara hapohapo, hununua huduma hapohapo, na faida yenyewe inalala hapohapo. Hesabu ya kwenu itakuwa tofauti, ila angalia kwako: anayekuchapia risiti, anayekutengenezea milango, anayekubebea mzigo, anayekufungia mahesabu. Mimi vijana wanaopakia magari nawatoa jirani na nawalipa. Kumfanyisha kijana kazi bure kwa kisingizio cha "kujifunza" naona ni dhuluma.

Kukopesha sikuhesabu kama msaada, hiyo ni biashara na ina daftari lake. Na kumpiga picha mtu akipokea kitu ili uitangaze, mimi nakataa kabisa. Atakutana na watu wale wale kesho yake.

Kama huna hata cha kuazima, una ujuzi. Jumamosi jioni, wateja wakipungua, nafunga bomba bovu kwenye kipande cha ubao kando ya kaunta na kuonyesha namna ya kubadili washa, kile kipande cha mpira kinachozuia bomba kudondosha maji: funga maji kwanza, fungua kichwa cha bomba, toa mpira uliolika, weka mpya, usikaze kwa hasira. Dakika 20 tu. Mama mmoja alifanya mara tatu palepale mpaka mkono ukazoea, akaondoka na washa moja. Jumatatu asubuhi alipita akiwa na haraka zake, hakununua kitu. Alichungulia tu mlangoni akasema, "Limenyamaza," akaendelea na safari.