Dhamana za Marekani zina ukomo: usome kabla ya kusaini

Ndugu uliyefika Marekani karibuni, ukiona alama ya FDIC kwenye mlango wa benki, weka pesa zako bila wasiwasi. Shirika hilo la serikali lilianzishwa mwaka 1933, baada ya maelfu ya benki kuanguka na watu kupoteza akiba zao. Leo benki ikifilisika, kwa kawaida unalindwa hadi dola 250,000. Ila ulinzi huo ni wa pesa zilizo kwenye akaunti tu. Hisa ulizonunua kupitia benki hiyohiyo hazimo, hata kama aliyekuuzia ameketi chini ya alama hiyo. Dhamana nyingi za huku ndivyo zilivyo: ni za kweli, na ukomo wake umeandikwa.

Kuwa makini zaidi pale unapoombwa wewe uwe mdhamini. Ukisaini mkopo wa gari wa binamu yako, deni limekuwa lako pia. Katika majimbo mengi mkopeshaji anaweza kukudai wewe moja kwa moja, bila kuanza na binamu. Sheria inamtaka akupe karatasi ya onyo kabla hujasaini. Kama Kiingereza chake kinakushinda, nenda nayo nyumbani, mtafute mtu wa kukusomea.

Fomu I-864, ya kumdhamini ndugu anayehamia Marekani, ndiyo ninayowasihi watu waisome kuliko zote. Anayemleta mume, mke au mzazi huijaza kuonyesha kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini. Wengi huichukulia kama barua ya mwaliko, kumbe ni mkataba wa kumtunza uliyemleta. Unakubana mpaka uliyemleta awe raia, au ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au aache ukaazi na kuondoka nchini, au mmoja wenu afariki. Talaka haiuvunji. Mliyeachana anaweza kukushtaki akidai matunzo kwa mkataba huohuo, na serikali inaweza kukudai baadhi ya misaada iliyompa. Rafiki wa kanisani au msikitini akikuomba uwe mdhamini wa pili kwa kuwa kipato chake hakitoshi, unaubeba mzigo wote, si nusu. Sisemi ukatae. Familia nyingi ziko pamoja leo kwa sababu kuna mtu alikubali. Kubali ukiwa unajua, na mwenzako wa nyumbani naye ajue.

Inayoniuma zaidi ni habari ya wakili. Mwaka 1963, katika kesi ya Gideon dhidi ya Wainwright, Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai na hana uwezo, lazima serikali impe wakili. Mahakama ya uhamiaji haimo, kwa sababu kesi zake si za jinai. Unaruhusiwa kuwa na wakili, lakini serikali haimlipi, na watu hufika mbele ya jaji wakimsubiri mtu ambaye haji. Ukipata wito, iombe mapema orodha ya mawakili na mashirika yanayosaidia bure, ambayo mahakama hizo huitoa, uanze kupiga simu. Kama siku ya kwanza imefika na bado hujampata, nenda hivyohivyo ukamwombe jaji muda wa kutafuta. Usipofika, amri ya kukuondoa nchini inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa.