Mzee wa Kandanda anajibu: Dogo wa Surabaya, mbona benchi?

SWALI: Mzee salama? Jumamosi hapa kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja katuonyesha klipu ya dogo wa Indonesia, Marselino Ferdinan, anaipiga Saudi Arabia mabao mawili peke yake, wote tukasema huyu moto. Kucheki rekodi zake klabuni, Oxford United ya Uingereza, msimu wa kwanza timu ya wakubwa kacheza mechi moja tu! Tumepigwa au inakuwaje? Mbishi wa Temeke

JIBU: Hamjapigwa mdogo wangu, klipu ni ya kweli. Novemba 19, 2024, uwanja wa Gelora Bung Karno, Jakarta, kufuzu Kombe la Dunia, Indonesia 2 Saudia 0, yote ya kwake. Na kwenye benchi la Saudia alikuwepo Hervé Renard, yuleyule wa shati jeupe aliyewapa Zambia kombe la Afrika 2012, kwahiyo usidhani walikuja kitalii. Siku nne nyuma Japani ilikuwa imewachapa Indonesia 4-0 palepale, watu walishanuna. Lile bao la pili lirudie taratibu: shuti la kwanza linazuiwa, mpira unamrudia, na hapo dogo yeyote wa miaka 20 macho yangemtoka angebutua tu, yeye akauinua kidogo juu ya watu kama anamrushia mwenzake embe. Mi niliangalia mara sita.

Sasa shida iko wapi. Dogo kazaliwa Jakarta Septemba 2004 ila mpira wake ni wa mji wa Surabaya, kwenye timu ya Persebaya, ambayo kaka yake Oktafianus Fernando naye kaichezea. Mashabiki wa Persebaya wanaitwa Bonek, kifupi cha bondo nekat, maneno ya Kijava, yaani mtaji wako ni ujasiri tu, mfukoni huna kitu ila safari unaenda (wangetufaa hao). Cha ajabu dogo anapandishwa timu kubwa msimu wa 2021-22 ilikuwa bado korona, ligi inachezwa kwa vituo bila mashabiki, basi kaanza ustaa wake kwenye viti vitupu. Kocha Aji Santoso akamwamini, akampanga, akacheza wiki hadi wiki, msimu ukaisha katoka mchezaji bora chipukizi wa ligi, na Januari 2022 keshaitwa timu ya taifa ya wakubwa, miaka 17.

Af mambo yakaanza kuyumba na mengine wala hayamhusu yeye. Oktoba 2022 yakatokea maafa ya uwanja wa Kanjuruhan, mechi ya Arema na Persebaya, mabomu ya machozi uwanjani, watu 135 wakafa, ligi ikasimama miezi miwili. Mapema 2023 akaenda KMSK Deinze, daraja la pili Ubelgiji. Machi mwaka huohuo FIFA ikawanyang'anya Indonesia uenyeji wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 20, baada ya watu wakubwa kule kukataa timu ya Israeli isije, mashindano yakapelekwa Argentina na vijana wa umri wake walioandaliwa miaka kibao wakabaki wanaangalia kwenye TV. Mei angalau wakapata dhahabu ya SEA Games, michezo ya nchi za kusini mashariki mwa Asia, kule Kambodia, ya kwanza tangu 1991, naye alikuwemo. Ila Deinze kwenyewe alicheza kwa kudonoa, mara majeraha, mara benchi, na mwisho wa 2024 klabu yenyewe ikafilisika.

Kwahiyo Agosti 2024 anafika Oxford na miaka karibu 20 lakini mechi za ligi alizocheza Ubelgiji ni za kuhesabu kwenye vidole. Timu ya taifa ilikuwa inambeba kwasababu kocha Shin Tae-yong kamlea toka kinda, anajua amuweke wapi. Championship, daraja la pili la Uingereza analocheza Oxford, ni mechi 46, Jumamosi Jumanne Jumamosi, mabeki wanakupitia na kiwiko, na kocha yuko kwenye vita ya kutoshuka, hana muda wa kumsubiri mtu akomae. Hiyo mechi moja ni FA Cup Januari 2025, kaingizwa mwishoni kabisa na Exeter akawafunga 3-1. Msimu uliofuata wakamtoa kwa mkopo AS Trenčín ya Slovakia, ambako Mwindonesia mwenzake Witan Sulaeman alishapita. Mi naona alitakiwa abaki Surabaya msimu mmoja zaidi ndo aondoke.

SWALI: Kaka, si alisajiliwa kwasababu wenye Oxford ni Waindonesia? Acheni kutuzunguka. Msema Kweli, Morogoro

JIBU: Kuzunguka nani? Ni kweli, kwenye wenye hisa wamo Erick Thohir na Anindya Bakrie, na huyo Thohir ndo rais wa chama cha soka Indonesia toka Februari 2023, zamani alikuwa bosi wa Inter Milan. Siwezi kukuapia kwamba undugu haukufungua mlango. Ila kama ni kubebwa basi kabebwa mpaka getini, maana angekuwa anapangwa na matajiri asingeishia dakika za Exeter.

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu ana miaka 16, kuna mtu anajiita ajenti anataka hela ampeleke Ulaya mwaka huuhuu. Mama Kijana, Kigamboni

JIBU: Marahaba mama. Usitoe hata mia. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, ina vijitundu vichache, mfano wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizo za mpira, ila hivyo havikuhusu. Hata Waindonesia na hela zao walisubiri. Egy Maulana Vikri, dogo wa Medan aliyepewa tuzo kwenye mashindano ya vijana ya Toulon, Ufaransa, 2017, alimalizana na Lechia Gdańsk ya Poland Machi 2018 lakini kaenda Julai, mwezi aliotimiza 18. Marselino vilevile, kaondoka ameshatimiza. Halafu ajenti halali ana leseni ya FIFA na jina lake unaliangalia mtandaoni, muombe akuonyeshe mbele yako. Anakula kwenye mkataba ukishasainiwa, sio kwenye biashara yako ya vitenge. Akianza habari za hela ya viza na hela ya majaribio mwambie baba yake kijana anarudi saa kumi na mbili, uone kama atasubiri.

SWALI: Eti Guinea ndo waliwanyima hawa Waindonesia Olimpiki? Mwana Ilala

JIBU: Ndio. Aprili 2024 kule Qatar, kombe la Asia chini ya miaka 23, waliitoa Korea Kusini kwa penati 11-10, na Shin ni Mkorea, fikiria alirudije kwao. Wakafungwa na Uzbekistan, wakafungwa na Iraki, ikabaki mechi ya mwisho ya kugombea tiketi ya Olimpiki na Guinea pale Clairefontaine, Ufaransa. Wakalala 1-0 kwa penati ya Ilaix Moriba, Shin akapewa nyekundu. Guinea nao wakaenda Olimpiki wakapoteza mechi zote tatu.